Nafasi ya Mugie

Ungemwuliza Nosim mwaka ule anasoma nini, angekujibu "kompyuta," na maarifa yake yangeishia hapo. Usimcheke. Hata mwenye chuo hakuwa na jibu refu kuliko hilo. Ulikuwa mwaka 2002, na Arusha mjini kila ngazi ya ghorofa ilikuwa na kibao cha chuo: chuo cha utalii, chuo cha uhazili, chuo cha kompyuta, na pengine vyote vitatu ndani ya chumba kimoja. Ruhusa ya kufungua biashara ilikuwa imetoka, na watu walifungua kwanza, wakajifunza baadaye.

Chuo cha Nosim kilikuwa juu ya duka la matairi. Mwenyewe aliitwa Abdiel, Mchaga wa Machame, aliyekuwa akiuza redio kabla hajagundua kwamba kompyuta za mtumba kutoka Dubai zina faida zaidi. Alikuwa nazo nane, na tano kati ya hizo zilikuwa zinawaka. Siku ya kumwandikisha Nosim, baba yake, Mzee Loishiye, aliteremka kutoka kwao Olmotonyi na koti lake la kanisani na fimbo mkononi, akaketi mbele ya Abdiel kujaza fomu. Alikuwa mzee wa usharika. Kusoma na kuandika alijua, polepole lakini vizuri. Akajaza jina, akajaza kijiji, akajaza kazi: mkulima na mfugaji. Alipofika penye "Idadi ya watoto" akaiweka kalamu chini.

"Hapo vipi, mzee?" Abdiel akauliza.

"Hapo pabaki."

"Si unaandika namba tu?"

"Pabaki," mzee akasema, kwa adabu kabisa, akairudisha fomu.

Abdiel akadhani mzee ana watoto wa nje asiotaka wajulikane. Akamwonea huruma mwanamume mwenzake, akachora kistari. Nosim aliyaona hayo yote. Kwao Waarusha watu hawahesabiwi, wala ng'ombe. Kuhesabu chenye uhai ni kukiitia mkosi. Mtu unamjua kwa jina lake na ng'ombe unamjua kwa rangi yake, basi. Lakini nani angeanza kumweleza Mchaga jambo hilo asubuhi ya Jumatatu, juu ya duka la matairi?

Mpango wa mzee ulikuwa mfupi. Nosim ajifunze kupiga chapa, arudi nyumbani, ashike ukarani katika ofisi moja ya biashara ya mbao ambako binamu wa mzee alikuwa ameshamwekea neno. Nosim mwenyewe hakuwa na mpango mwingine. Tatizo lilianza na kitabu. Mwalimu mmoja wa kujitolea aliyepita hapo chuoni alikuwa ameacha kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kinachofundisha namna ya kuiandikia kompyuta maagizo. Wanafunzi walikitumia kuinulia kioo cha mashine namba nne. Nosim akakichomoa, akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika mistari sita asiyoielewa, na nukta nyeupe ikatokea kwenye kioo cheusi, ikatembea kutoka kushoto kwenda kulia.

Akaitazama ikifika mwisho na kupotea. Akaiendesha tena. Alifurahi hadi akaogopa, maana hakuona sababu ya mtu mzima wa miaka kumi na tisa kufurahia nukta. Baada ya mwezi nukta ilikuwa mpira, na baada ya miezi miwili mpira ulikuwa unarudi ukigongwa, na kupiga chapa bado alikuwa anapiga kwa vidole viwili.

Ndipo akaja Pudensiana. Alikuwa mama wa makamo wa Kibosho, mwenye miwani na mkoba mzito, na alifanya kazi Nairobi katika ofisi ndogo inayotengeneza gemu za watoto kwenye sidii na kuziuza mashuleni. Akasimama mbele ya wanafunzi wa Abdiel, akasema kila mwaka ofisi yao inachukua kijana mmoja akajifunze kubuni gemu. Mmoja tu. Mwaka huu wameamua atoke Arusha.

"Masharti si mengi," akasema. "Gemu iwe yako, usinakili ya mtu. Halafu mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta aicheze mpaka mwisho, mbele yangu. Utamwonyesha vitufe, basi, mengine ayaone mwenyewe. Na mzazi atie sahihi, maana Nairobi si Kijenge."

Nosim akanyoosha mkono. "Samahani, madam. Hiyo ni kazi? Mtu analipwa?"

"Analipwa."

"Kwa kucheza?"

"Kwa kuwafanya wengine wacheze."

Darasa zima likacheka, na Nosim akacheka nao, lakini jibu lile lilimwacha kizani zaidi. Jioni alimwuliza Abdiel kubuni gemu maana yake nini hasa. Abdiel akafikiri, akasema ni kama ufundi wa redio, ila redio yenyewe haipo. Nosim akateremka ngazi kichwa kikimzunguka. Alichokijua ni kimoja: aliitaka nafasi ile. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuweza kumweleza mtu ni nafasi ya nini.

Alipewa wiki sita. Mbili za kwanza alizimaliza hajui aanzie wapi. Mwenzake Stanley, kijana aliyekuwa akishinda kwenye kibanda cha gemu kule Kwa Mrombo mpaka vidole vikaota sugu, alikuwa ameshaanza gari linalokimbia barabarani. Nosim naye akajaribu gari, likatoka kama sanduku la mkaa. Akajaribu ndege, akaifuta. Siku moja umeme ulikatika, mgao wa kawaida, na alipokuwa amekaa gizani akisubiri, mkono wake ukachora ng'ombe pembeni mwa daftari. Akachora mwingine. Akashtuka kuona kwamba anamchora Arus wa nyumbani, yule mwenye mabaka meusi na meupe, na pembe yake ya kushoto imeinama vilevile.

Basi akawachora wote wa baba yake. Sambu wa marangirangi mwenye wazimu. Mugie wa kahawia, mpole, anayebaki nyuma akila. Wengine pia, kila mmoja kwa rangi yake na tabia yake. Gemu ikawa hivi: jua linashuka upande wa Monduli, ng'ombe wametawanyika mlimani, nawe una fimbo. Uwarudishe nyumbani kabla ya giza. Wakiingia msitu wa kupanda wa serikali watakamatwa na walinzi. Wakiingia maharage ya jirani utasikia matusi. Mwisho kuna lango. Wakiisha kuingia unalifunga.

Stanley alikuja kuiangalia, akatikisa kichwa. "Iko poa, lakini pointi ziko wapi?"

"Pointi za nini?"

"Sasa mtu atajuaje kama ameshinda? Gemu bila pointi ni sinema, Nosim."

Nosim akakimbilia kitabu chake kisicho na jalada, na kitabu kikasema yaleyale: kila mchezo lazima uwe na alama. Hakutaka kuonekana mshamba. Akakaa wiki mbili nzima akiandika kipande cha mwisho, kigumu kuliko vyote, na kilipokubali akakipenda kuliko vyote. Lango likishafungwa, kioo kinageuka cheusi, yanatokea maandishi makubwa ya njano, NG'OMBE WALIOINGIA, na chini yake namba inapanda: moja, mbili, tatu, na kila namba ina mlio wake, *ti, ti, ti*. Wanafunzi walisimama nyuma yake wakapiga makofi. Hata Abdiel alipanda kutoka chini kusikiliza.

Mtu wa kuicheza alikuwa dhahiri. Nani angekuwa hajagusa kompyuta kuliko baba yake? Na palepale angeweka sahihi. Nosim alijiona ameua ndege wawili kwa jiwe moja.

Mzee Loishiye alifika siku hiyo na koti lake la kanisani. Nosim akainamisha kichwa, mzee akakigusa kwa kiganja, ndiyo salamu yao. Akamsalimu Pudensiana, akaketi mbele ya mashine namba nne, fimbo katikati ya magoti, kama mtu aliyeitwa shaurini. Nosim alimwonyesha vitufe vinne vya mishale na kile kirefu cha chini, akarudi nyuma.

Mwanzoni mzee alibonyeza kwa woga. Kisha ng'ombe wa kwanza akatokea nyuma ya kichaka.

"Huyu ni Arus," mzee akasema.

Akasogeza kiti mbele.

"Huyu ni Arus kabisa. Na yule... Sambu. Sambu, unakwenda wapi, mwehu wewe?" Akaanza kuongea nao Kimaasai, akipiga mluzi kwa meno, akibonyeza vitufe huku bega likienda na kidole. Alimtoa Sambu kwenye maharage. Aliwapitisha wote kando ya msitu asipoteze hata mmoja. Alicheka, na Nosim hakukumbuka lini alimsikia baba yake akicheka mbele ya wageni. Pudensiana alikuwa anaandika mbiombio kwenye daftari lake. Stanley, maskini, alikuwa ameshaanza kukubali kwamba gari lake limebaki nyuma.

Ng'ombe wakaingia. Mzee akafunga lango.

Kioo kikawa cheusi. Maandishi ya njano yakatokea. *Ti*, moja. Mzee akakunja uso. *Ti*, mbili. Akaondoa mkono kwenye kibodi kama aliyegusa chungu cha moto. *Ti*, tatu. Akasimama, akachukua fimbo yake, na mlio wa nne ulimkuta mlangoni. Waliokuwa juu walisikia hatua zake zikishuka ngazi moja moja, wala hazikuwa na haraka. Kompyuta iliendelea kuhesabu peke yake mpaka mwisho. Walifika wangapi? Mimi pia sitataja.

"Vipi?" Pudensiana akauliza. "Anaumwa?"

"Sijui, madam," Nosim akasema, na hakujua kweli. Ndivyo mtu anavyoweza kukaa mjini mpaka akili ikagawanyika, nusu ya darasani na nusu ya nyumbani, na hizo nusu mbili hazisalimiani.

Pudensiana akapiga mstari kwenye daftari. "Hajamaliza. Sharti ni mpaka mwisho." Alipoona uso wa Nosim akalainika. "Ijumaa ijayo napita tena nikirudi kutoka Moshi. Nitaangalia gari la huyu kijana, na yako nitaiangalia tena. Ila mzazi awepo."

Kila mtu alikuwa na maelezo. Abdiel alisema mwanga wa kioo unawachosha wazee. Stanley alisema labda mlio ulikuwa mkali. Nosim akapunguza mlio, akabadilisha njano kuwa kijani, akaona haya ya kufanya kitu asichokiamini, akaizima mashine, akapanda kwenda nyumbani.

Alimkuta mama yake, Sinyati, jikoni akikoroga loshoro, mahindi na maziwa ya mgando.

"Yeyo, baba amekasirika?"

"Hajakasirika. Ameogopa."

"Ameogopa kompyuta?"

Mama akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Mwanangu, umewasimamisha ng'ombe wa baba yako mbele ya wageni, ukawahesabu. Mmoja mmoja. Tena kwa kengele."

Alilijua jambo hilo tangu ananyonya. Alikuwa hajawahi kuhesabu ng'ombe maishani mwake, wala kuku, wala ndugu zake. Na alikaa wiki mbili akiifundisha mashine kufanya asichothubutu kufanya yeye, akapigiwa makofi.

"Lakini wale si ng'ombe, yeyo," akasema, maana mtu aliyekosa hujitetea kwanza. "Ni rangi tu kwenye kioo."

"Kama ni rangi tu, baba yako amewajuaje kwa majina?"

Aliona aibu, na chini ya aibu akaona hasira, na hakujua ni hasira juu ya nani. Je, yeye anaamini kwamba namba inaweza kumwua ng'ombe? Haamini. Je, angeweza kwenda zizini sasa hivi akawahesabu kwa sauti? Hapana, asingeweza, hata kwa nafasi kumi za Nairobi. Sasa mtu kama huyo ni mtu wa wapi?

Alitoka nje. Baba yake alikuwa ameegemea nguzo ya lango akizungumza na jirani habari za mvua. Nosim akainamisha kichwa, na kiganja kikamgusa kama siku zote, ila kiliondoka upesi. Kaka yake Saruni alikuwa ndiyo anawafikisha ng'ombe, vumbi mbele yake, na wakaanza kuingia. Mzee hakuwatazama hata. Alikuwa anaendelea na mvua yake, kwamba mwaka huu inanyesha Nkoaranga tu, upande huu inapita kwa kutusalimia, na katikati ya neno akanyamaza.

"Mugie hayupo," akasema.

Saruni akageuka papo hapo, akarudi alikotoka. Haikuchukua muda akatokea naye, Mugie mpole, mdomo umejaa majani ya maharage ya mtu. Mzee akamwacha apite, akafunga lango.

"Baba," Nosim akasema. "Hukuwatazama. Umejuaje?"

Mzee akamwangalia kama aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Arus hutangulia. Sambu humfuata akimsukuma. Kisha Mugie, kwa sababu Sambu hampigi Mugie. Leo Sambu ameingia, na nyuma yake nafasi ikapita tupu."

"Uliiona nafasi?"

"Sasa ningeona nini kingine?"

Akaondoka kwenda kunawa. Nosim akabaki pale langoni, mkono juu ya mti, akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kupotea njia ndiyo kujua njia, husema wahenga, lakini hawakusema kwamba ukiijua bado utasimama hapohapo kwa muda, ukiwa huna hakika kama ndiyo yenyewe.

Asubuhi kabla ya kushuka mjini akauliza, "Baba, Ijumaa utakuja?"

"Ijumaa nina mahindi ya kupalilia," mzee akasema. Haikuwa ndiyo wala hapana, na Nosim alibeba neno hilo wiki nzima kama kijiwe kwenye kiatu.

Akafuta kipande cha mwisho. Hakukitupa moja kwa moja. Alikihifadhi kwenye disketi nyingine, akaitia mfukoni, maana uoga nao una akili zake. Kisha akaanza upya. Kila ng'ombe akampa mahali pake kwenye mstari: nani hutangulia, nani husukuma, nani hubaki nyuma. Wakija langoni wanakuja kwa utaratibu wao, na aliyepotea, nafasi yake inapita tupu, upana wa ng'ombe mmoja, hakuna mlio, hakuna maandishi. Ukiiona, unarudi kumtafuta. Usipoiona, unafunga lango, usiku unakuja, asubuhi inakuja, na wakitoka kwenda malishoni unaona mmoja wao hayupo na humjui ni nani. Basi.

"Umerogwa," Stanley akasema, kwa upole wa kweli. "Umeondoa kitu kizuri kuliko vyote."

"Inawezekana," Nosim akasema.

Ijumaa ikafika. Pudensiana akaja, akacheza gari la Stanley kwanza. Lilikimbia vizuri, likapata pointi elfu tatu, akasema ni zuri, nalo lilikuwa zuri. Akahamia mashine namba nne. Mzee Loishiye hakuwepo.

Pudensiana akawakusanya ng'ombe, akawafikisha, akafunga lango. Kukawa usiku, kukapambazuka, ng'ombe wakatoka.

"Nimeshinda?"

"Bado, madam. Kuna aliyebaki porini."

"Yupi? Kwani wako wangapi?"

Nosim akatikisa kichwa. "Hatusemi, madam."

Pudensiana akadhani ni utani. Alipoona si utani, akavua miwani. "Nosim, sikiliza. Ripoti yangu ina mahali pa alama. Nitaandika nini, 'hatusemi'? Ile ya kwanza ilikuwa na namba. Irudishe ile namba, nami leo hii nakuandika wewe. Mzazi wako atatia sahihi baadaye, nitakusubiri."

Disketi ilikuwa mfukoni. Kazi ya dakika mbili. Nosim aliigusa kwa kidole, akahisi ukingo wake, na machozi yakamjia karibu kabisa. Alitaka kwenda Nairobi. Nani angejua? Ng'ombe wa kwenye kioo wasingekufa, na wa Olmotonyi wasingesikia. Alijaribu kutafuta ndani yake sababu moja ya maana, ya kumwambia mtu mwenye miwani na ripoti, akaikosa. Alichokipata ni ukaidi tu.

"Cheza tena, madam," akasema. "Tafadhali. Usitafute namba. Watazame tu."

Pudensiana akapumua kwa nguvu, lakini akacheza. Akashindwa. Akavua koti, akacheza tena, akashindwa, akasema jambo la Kichaga lililomfanya Abdiel, Mchaga mwenzake, ainamishe kichwa. Wakati huo mlango ulikuwa umejaa kivuli, na Nosim alipogeuka alimwona baba yake, udongo wa shambani bado kwenye viatu, bila koti la kanisani. Mzee hakusogea. Akamwashiria asiseme kitu.

Mara ya nne, ng'ombe wakaja langoni. Arus akaingia. Sambu akaingia akisukuma. Kidole cha Pudensiana kilikuwa juu ya kile kitufe kirefu, tayari kufunga, mwisho wa mstari ulikuwa umeshapita, na kidole kikabaki hewani.

"Hapana," akasema taratibu. "Yule wa kahawia. Mpole. Hajapita."

Akamrudia mlimani, akamkuta kwenye maharage, akamleta. Alipofunga lango hakuuliza kama ameshinda. Alisubiri asubuhi kwenye kioo huku ameshika mdomo, na walipotoka wote akaegemea kiti.

"Mugie," Mzee Loishiye akasema kutoka mlangoni. "Anaitwa Mugie."

Pudensiana akainuka, akampa kiti. Mzee akaketi, akaicheza gemu nzima kimyakimya, safari hii bila mluzi. Mkono wake ulipofika kwenye lango, Nosim alisogea karibu. Mzee akalifunga. Giza likaja kwenye kioo, na kimya, na giza lile halikuandika kitu. Akaliangalia mpaka kulipopambazuka.

"Wamelala wote salama," akasema.

Pudensiana akafungua ripoti yake, akafika mahali pa alama, akageuza kalamu vidoleni, akaruka mstari ule, akaenda chini. Kisha akatoa fomu ya mzazi. "Mzee, ukijaza hii, mwezi ujao namchukua."

Nosim hakuwa ameisoma fomu ile. Aliisoma sasa, juu ya bega la baba yake: jina, kijiji, kazi, idadi ya watoto. Abdiel naye aliona, akakohoa. "Hapo huwa hajazi," akamnong'oneza Pudensiana. "Weka kistari tu. Ni mambo ya familia."

Lakini mzee hakuiweka kalamu chini. Alijipinda, akaandika polepole kwa herufi za darasa la nne la zamani, zikibanana kwenye nafasi iliyotengenezwa kwa ajili ya tarakimu. *Saruni*, akaandika. Akasogeza mkono, akaacha mahali patupu, upana wa jina moja. *Anna*, akaandika. *Lengai.* Akaendelea hivyo mpaka kwa kitindamimba, majina yakapanda hadi pembezoni mwa karatasi.

Nosim aliyasoma yote mara mbili. Jina lake halikuwepo. Akafikiri ndivyo baba alivyoamua basi, amemtoa katika watoto, na hakuelewa kwa nini mtu acheze mpaka mwisho halafu afanye hivyo.

Pudensiana pia alikuwa anasoma. "Mzee, umemsahau Nosim."

"Sijamsahau." Mzee akaweka ncha ya kidole kati ya Saruni na Anna, pale patupu. "Hawa ndio walioingia. Yeye anatoka. Nafasi yake ni hii hapa, mtu asiiandike kitu. Akirudi nitamwandika mwenyewe."

Akatia sahihi chini, akashika fimbo yake, akasimama. Nosim akainamisha kichwa, na kiganja cha baba kikakaa juu yake, kikakaa, watu wote wakitazama. Pudensiana akaikunja fomu kwa uangalifu, akaitia mkobani, na hakuuliza wako wangapi.